Skanini Kwanza, Bishaneni Baadaye: Barua ya Wazi Kuhusu Filamu ya Porgy and Bess

Kwa: Warithi wa Samuel Goldwyn, wasimamizi wa mirathi ya George na Ira Gershwin, wasimamizi wa mirathi ya DuBose na Dorothy Heyward, na Maktaba ya Bunge la Marekani, idara ya filamu.

YAH: KUOKOA NA KUTOA HADHARANI FILAMU YA PORGY AND BESS YA MWAKA 1959

Waheshimiwa,

Mada ya hapo juu yahusika.

Mkanda wa rangi uliotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 haujui mirathi wala tarehe ya kikao. Umekaa ndani ya kopo lake, unapauka, kibali kiwepo kisiwepo. Ndiyo maana tunawaandikia nyote wanne kwa pamoja, badala ya kumwandikia mmoja atakayetuelekeza kwa wa pili, na wa pili kwa wa tatu. Watu wameshapigwa danadana ya kutosha juu ya filamu hii.

Porgy and Bess ni opera ya George na Ira Gershwin na DuBose Heyward kuhusu watu Weusi wa Catfish Row, mtaa wa maskini huko Charleston, Marekani; hii ndiyo filamu yake, na ndiyo ya mwisho ya mtayarishaji Samuel Goldwyn. Imeongozwa na Otto Preminger, ina dakika 138, na ndani yake wamo Sidney Poitier (Porgy), Dorothy Dandridge (Bess), Sammy Davis Jr. (Sportin' Life), Pearl Bailey, Brock Peters na Diahann Carroll. Kwenye kundi la wachezaji ngoma wasiotajwa majina wamo Maya Angelou na Nichelle Nichols. Muziki uliopangwa na André Previn na Ken Darby ulipata Oscar. Upigaji picha wa Leon Shamroy, mavazi ya Irene Sharaff na sauti viliteuliwa. Haijawahi kutolewa rasmi kwa kaseti wala DVD. Runinga ya ABC iliirusha mwaka 1967, na baada ya hapo ni maonyesho machache ya kuhesabika. Nakala za wizi zinazozunguka mtandaoni zina ukungu na sauti iliyobanwa. Aliyeiona hiyo bado hajaiona filamu.

Fundo la haki mnalijua kuliko sisi, lakini wasomaji wa barua hii huenda hawalijui. Mwaka 1957 Goldwyn alinunua haki za opera kwa malipo ya awali ya dola 650,000, ya kukatwa baadaye kwenye mgawo wa asilimia 10 ya mapato ghafi, na mkataba wenyewe ulikuwa wa miaka 15. Ulikwisha 1972. Tangu siku hiyo mwenye filamu ana picha lakini hana nyimbo, na wenye nyimbo wana nyimbo lakini hawana picha. Ni kama nyumba ya ghorofa iliyojengwa kwenye kiwanja cha kukodi: muda wa kiwanja umekwisha, nyumba haibomolewi, wala hakuna anayeruhusiwa kuingia.

Mwaka 2011 filamu iliingizwa kwenye Rejista ya Taifa ya Filamu ya Marekani, orodha inayoongezewa filamu 25 kila mwaka. Wengi hudhani kuingia humo ni kuokolewa. Sivyo. Ni heshima. Haitoi kibali cha kuonyesha, wala haimlazimishi mwenye filamu kuskani hata fremu moja.

Ombi letu kwa hiyo ni kwamba mtenganishe mambo mawili ambayo mmeyafunga pamoja kwa zaidi ya miaka 50: kuihifadhi filamu na kuiuza. La pili lina wanasheria wake. La kwanza ni kazi ya mafundi na inaweza kuanza mwezi ujao.

Tuseme kwanza ni nini hasa kinachopotea, kwa sababu filamu hii imesemwa vibaya na watu wengi ambao hawajaiona kwenye skrini yake.

Seti ya kwanza ya Catfish Row iliteketea kwa moto tarehe 2 Julai 1958, pamoja na mavazi. Rouben Mamoulian, aliyekuwa ameongoza mchezo wa jukwaani wa 1927 na opera yenyewe ya 1935, akaondolewa, akaletwa Preminger, ambaye alishafanya kazi na Dandridge na Carroll kwenye filamu ya Carmen Jones ya 1954. Preminger hakuwa mtu wa kukatakata. Aliiacha kamera iende pole pole ndani ya ua ule mkubwa, watu wakiingia na kutoka madirishani, mmoja anaimba mbele huku wengine watatu wakifanya shughuli zao nyuma. Nyuso za karibu ni chache mno. Wakosoaji waliita huo ubaridi. Kwenye skrini ndogo wana haki kusema hivyo. Lakini picha ya Todd-AO, mfumo wa mkanda mpana uliotumika kuipiga, ina uwiano wa upana kwa kimo wa karibu 2.2 kwa 1. Ikikatwa iingie kwenye runinga ya zamani ya 4 kwa 3, takriban asilimia 40 ya picha inakwenda na maji. Wale watatu wa nyuma ndio wanaokatwa. Kinachobaki ni mwimbaji aliyesimama peke yake bila sababu, na hapo kweli inaonekana baridi.

Halafu kuna Sammy Davis Jr. Huyu akiimba It Ain't Necessarily So kwenye pikniki ya kisiwa cha Kittiwah, iliyopigwa Venice Island karibu na Stockton, California, ni mwili mzima unaoimba: mabega, kofia, vidole. Na mtu asituambie kwamba tuna albamu ya filamu inatosha. Davis alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni ya rekodi ya Decca, kwa hiyo kwenye albamu iliyotolewa na kampuni nyingine, Columbia, nafasi yake iliimbwa na Cab Calloway. Uimbaji ule wa Davis, pamoja na okestra ile, uko kwenye njia za sauti za filamu tu. Mkanda huo ukioza, hakuna pa kuupata tena.

Nyimbo za Poitier ziliimbwa na Robert McFerrin, mwanamume Mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya uimbaji kwenye jukwaa la Metropolitan Opera, mwaka 1955. Za Dandridge ziliimbwa na Adele Addison. Za Carroll ziliimbwa na Loulie Jean Norman, ambaye alikuwa mzungu, na hilo nalo ni jambo la kujadiliwa na watu walioiona filamu, si la kusimuliwa kama umbea.

Sasa kazi yenyewe.

Anzeni kwa kuhesabu makopo. Orodha inayotakiwa ina safu tano: negativu ya kamera ya milimita 65, nakala kuu za mgawanyo wa rangi, yaani mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe, mmoja kwa kila rangi, nakala za maonyesho za milimita 70, nakala zilizopunguzwa za milimita 35, na mikanda ya sumaku ya sauti. Kila kopo liandikwe lilipo, nani analitunza, na lina rola ngapi. Pengine hamjawahi kukaa meza moja kulinganisha orodha hizi, na mara nyingi rola inayokosekana kwa mmoja ndiyo iliyozidi kwa mwingine.

Makopo yaliyoko kwenye baridi yasifunguliwe siku yanapotolewa. Yaachwe yamefungwa kwa saa 24 yazoee joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya mkanda. Kisha weka ndani ya kila kopo karatasi ya kupimia asidi, ile A-D Strip ya Image Permanence Institute, kwa saa nyingine 24. Ikibaki buluu, mkanda ni mzima. Ikigeuka kijani, ugonjwa wa siki umeanza, yaani asetati, plastiki ya mkanda, inaoza na kutoa asidi yenye harufu ya siki. Kiwango cha 1.5 kwenye kipimo cha karatasi hiyo ndicho cha kuogopa, kwa kuwa kuanzia hapo asidi inazaa asidi na kasi haipungui tena. Ikiwa manjano, mkanda uko mbioni kusinyaa na kupinda, na rola hiyo iskaniwe kabla ya nyingine zote hata kama ndiyo yenye mandhari msiyoyapenda. Kwa kipimo cha taasisi hiyo, mkanda mpya wa asetati ukikaa kwenye nyuzijoto 21 na unyevu wa asilimia 50 huchukua miaka kama 40 kabla ya siki kuanza kunuka. Hesabuni wenyewe kutoka 1959.

Mikanda ya sumaku ndiyo inayotutia hofu zaidi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyopakwa juu yake huharakisha kuoza kwa asetati. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, kiwe sauti. Na ni rahisi kuliko mnavyodhani: njia sita, kila moja kwa kilohezi 96 na biti 24, dakika zote 138, hazifiki gigabaiti 15. Kumbukumbu ya simu inabeba. Gharama iko kwenye fundi na mashine yenye kichwa kinachofaa, si kwenye hifadhi. Angalizo moja la kitaalamu: mpangilio wa Todd-AO ni spika tano nyuma ya skrini na njia moja ya ukumbini. Mkiibana kuwa 5.1 ya kawaida, yenye spika tatu tu za mbele, mtapoteza spika mbili za kati-kushoto na kati-kulia, na sauti ya mtu anayetembea kutoka mlango hadi kisima itaruka badala ya kutembea. Kifurushi cha sinema dijitali kina nafasi ya njia tano za mbele. Itumieni.

Kwa picha, mashine ya kuskani iwe ile isiyotegemea meno ya kuvuta mkanda. Mkanda uliosinyaa zaidi ya asilimia 1 huchanwa matundu ya pembeni ukilazimishwa kwenye meno yaliyotengenezwa kwa kipimo cha awali. Mikwaruzo ya upande wa asetati ifichwe kwa kuskani ndani ya kimiminika chenye mpindo wa nuru ulio sawa na wa asetati. Kimiminika hujaza mkwaruzo, nao hauonekani tena. Hii inaokoa wiki nyingi za kufuta mistari kwa mkono kwenye kompyuta. Filamu ina fremu 198,720. Kwa 8K na biti 10 tegemeeni terabaiti kama 24, ambazo zinaingia kwenye kanda mbili za kuhifadhia data za LTO-9 zenye terabaiti 18 kila moja. Fanyeni seti mbili, ziwekwe miji miwili tofauti. Mikanda yenyewe irudi kwenye baridi: kwa rangi, nyuzi 2 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 30, au chini ya hapo.

Negativu za rangi za wakati ule hupoteza tabaka la manjano, na matokeo yake ni weusi wa kivulini kugeuka buluu huku sehemu zenye mwanga zikiwa njano. Hapo ndipo ile mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe inapokuwa dhahabu, kwani picha yake ni ya madini ya fedha, ambayo hayapauki kama rangi. Tatizo lake ni jingine: mikanda hiyo husinyaa kwa viwango tofauti, ukiiunganisha kingo za nyuso zinatoa utepe mwekundu na kijani. Zamani hiyo ilikuwa hukumu ya mwisho. Leo programu inalinganisha fremu tatu pointi kwa pointi, ila inabidi mtu akae aangalie, hasa kwenye mandhari ya kimbunga ambako mvua, moshi na vitambaa vinavyopepea huidanganya kompyuta.

Tukae kidogo kwenye rangi. Nakala ya maonyesho ya 1959 ikiwa imepoteza samawati, yote ni waridi. Fundi wa rangi akiletewa nakala hiyo, kishawishi chake cha kwanza ni kubonyeza kitufe cha kusawazisha. Kompyuta hutafuta kijivu cha wastani, na uso wa mtu Mweusi uliopigwa kwenye mwanga hafifu huuona kama kosa la kusahihishwa. Ngozi inatoka majivu yenye ukijani. Kisha mtu anaona usiku "umezidi giza", anapandisha vivuli, na ua wa Catfish Row unageuka duka la samani lenye taa zote wazi. Kwenye filamu ambayo karibu kila aliyemo ni Mweusi, hilo si kosa dogo. Ngozi ya Dandridge si ya Peters, na ya Peters si ya Pearl Bailey. Fundi aanze na nyuso, mandhari kwa mandhari, ndipo aende kwenye kuta na anga. Nakala iliyopauka isiwe mwongozo wake. Mwongozo uwe michoro na mavazi ya Sharaff yaliyosalia na picha za mnato za rangi zilizotunzwa vizuri, na kama kuna nakala ya milimita 35 iliyochapwa kwa ule mtindo wa Technicolor wa kuhamisha rangi, hiyo ndiyo mwalimu, kwa sababu rangi zake hazipauki kirahisi.

Kwa Maktaba ya Bunge: ninyi hamna haja ya kungoja wengine. Kifungu cha 108(c) cha sheria ya hakimiliki ya nchi yenu kinaruhusu maktaba kutengeneza nakala hadi tatu za kazi iliyochapishwa ambayo nakala yake inaharibika, kama nyingine haipatikani kwa bei ya haki. Za dijitali zisitoke nje ya jengo, basi. Nakala yoyote mliyo nayo inayoharibika inaingia humo. Aidha kifungu cha 108(h), kinachohusu miaka 20 ya mwisho ya ulinzi, kitaanza kuihusu filamu ya 1959 mwaka 2035. Ingekuwa aibu dirisha likafunguka na ndani kuna siki.

Kwa wasimamizi wa mirathi mbili: tunajua hamkuipenda filamu, na hoja zenu si za kupuuzwa. Maongezi ya opera yaliyoandikwa yaimbwe, humu yanasemwa tu. Lakini tazameni kalenda. Opera ni ya 1935; kwa kanuni ya miaka 95, ulinzi wake Marekani unakwisha mwishoni mwa 2030. Kibali ambacho leo kina bei, tarehe 1 Januari 2031 kitakuwa kimebaki na nguvu ya maneno ya mkataba wa zamani tu. Ulaya mna muda zaidi, kwa kuwa Ira Gershwin alifariki 1983 na miaka 70 huhesabiwa kutoka kwake. Hata hivyo soko kubwa la filamu hii ni nyumbani kwake. Leseni inayotolewa sasa, hata ya bei ndogo, itawaingizia kitu. Itawapa pia nafasi ya kuweka masharti: maelezo ya mwanzo, jarida la kuambatana, mwanamuziki wa kueleza kilichobadilishwa.

Masharti hayo tungeyaunga mkono. Harry Belafonte alikataa nafasi ya Porgy. Poitier aliipokea shingo upande, miaka miwili tu baada ya kupiga filamu ya Mau Mau nchini Kenya, ambako alicheza Kimani. Pearl Bailey alikataa kufungwa kilemba cha mtumishi wa jikoni. Kwamba hadithi ya Weusi wa Charleston iliandikwa na wazungu ni malalamiko yaliyoanza kabla ya kamera kuwashwa, na wenye haki ya kuyaendeleza ni wanaoiona. Carroll alifariki 2019, Poitier 2022. Hakuna aliyebaki wa kulindwa kwa kuificha filamu.

Pendekezo la leseni: mwaka wa kwanza, maonyesho ya vyuo, makumbusho na matamasha pekee, kwa malipo ya kila onyesho yanayogawanywa kwa asilimia mtakazokubaliana mapema. Mwaka wa pili, nakala mbili au tatu mpya za milimita 70 kwa kumbi zilizobaki na mashine hizo. Kila nakala ni zaidi ya futi 15,000, kwa hiyo msichape kumi. Diski na mtandao vifuate baada ya hapo, hesabu zikiwa mezani.

Mwisho, manukuu. Tunaomba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha za toleo hilo, na kazi hiyo tutaifanya bila malipo. Kuna mtego mmoja ambao tusingependa mfasiri wa haraka auingie. Watu wa Catfish Row wanazungumza lahaja iliyotokana na Kigullah, lugha ya Weusi wa pwani ile yenye sarufi yake. Mwenye haraka ataiga wimbo uitwao "Bess, You Is My Woman Now" kwa kuvunja ngeli, na kwenye Kiswahili ngeli zikivunjwa anayesikika ni mgeni au mchekeshaji. Mvuvi wa Charleston hasikiki tena. Sarufi itabaki safi; ladha itatoka kwenye msamiati wa watu wa pwani wanaojua mashua, nyavu, pepo na msiba wa baharini. Sportin' Life akimtania Yona ndani ya samaki, msikilizaji wa Lamu au Bagamoyo hahitaji maelezo.

Tupatieni orodha ya mazungumzo na nyimbo yenye alama za muda kwa fremu 24 kwa sekunde, pamoja na nakala ya kazi ya ubora wa chini yenye alama ya umiliki juu ya picha. Tutarudisha faili la manukuu la kiwango cha sinema dijitali cha SMPTE 428-7, mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, tayari kuingizwa.

Wenu,

Mafundi na wapenzi wa filamu za kale tunaoandika kwa Kiswahili